Uliza Bibi: Mtawa aliyelala yadi ya reli na kijana aliyeandika maneno yake

"Shikamoo Bibi. Nasoma chuo hapa Morogoro. Karibu na hosteli yetu kuna ukumbi wa mazoezi, na ukutani wametundika picha ya Mhindi mmoja kijana, kafunga kilemba, kakunja mikono kifuani. Mwalimu wa yoga anasema huyo ndiye aliyepeleka falsafa ya Vedanta Marekani akiwa hana senti mfukoni. Ni kweli? Aliwezaje? Tena anasema alikuwa akihutubia bila karatasi. Sasa maneno yake yalitufikiaje?"
Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba, mjukuu wangu. Picha hiyo naijua. Mwaka 1976 nilianza kazi ya katibu muhtasi katika ofisi moja Tanga, na karani mkuu wetu, mzee wa Kigujarati tuliyemwita Motabhai (kwao ni kaka mkubwa), alikuwa nayo chini ya kioo cha meza yake, kati ya kalenda na ratiba ya meli. Nilidhani ni baba yake enzi za ujana. Siku ya tatu nikamuuliza. Akanijibu: "Huyu ni Swami Vivekananda. Hapo yuko Chicago, mwaka 1893, ana miaka thelathini." Tangu siku hiyo saa nne ya chai ikawa saa ya hadithi. Nilipostaafu nilipata wasaa wa kusoma mwenyewe, nikaona mzee hakuniongopea.

Swami ni jina la heshima la mtawa wa Kihindu; jina alilopewa nyumbani ni Narendranath Datta. Alizaliwa Calcutta tarehe 12 Januari 1863, baba yake wakili wa Mahakama Kuu. Alisoma chuo kama wewe, akasoma falsafa za Ulaya, akawa kijana wa kuhoji kila kitu. Swali lililomkera lilikuwa moja, na kila mtu wa dini aliyekutana naye alimuuliza: wewe mwenyewe umemwona Mungu? Wengi walimzungusha. Aliyemjibu moja kwa moja ni Ramakrishna, kuhani wa hekalu la mungu wa kike Kali kule Dakshineswar, mtu ambaye hakusoma shule ya maana. Alimwambia: ndiyo, namwona kama ninavyokuona wewe, tena waziwazi zaidi. Narendra hakukubali palepale. Alibishana na mzee yule miaka. Baba yake akafariki mwaka 1884 na nyumba ikaachwa na madeni, kijana akawa anazunguka mjini na njaa akitafuta kazi asipate. Ramakrishna naye akafa kwa saratani ya koo Agosti 1886. Hapo ndipo Narendra na wenzake wachache walipopanga nyumba chakavu kitongoji cha Baranagar, wakaweka nadhiri za utawa.

Kisha akaizunguka India, mara kwa miguu, mara kwa treni akikatiwa tiketi na wasamaria, akilala kwa wafalme na kwa wafagiaji. Nakuomba ulishike hili, maana bila hilo safari ya Marekani haieleweki. Alichokiona ni njaa. Mwishoni mwa 1892 alifika Kanyakumari, ncha ya kusini kabisa ya India, akakaa kwenye mwamba ulio baharini akitafakari, na alipotoka hapo wazo lilikuwa limekomaa: kwenda nchi za Magharibi, awape kile India ilichonacho, naye atafute msaada kwa kile India ilichokosa.

Nauli? Vijana wa Madras, wakiongozwa na mwalimu wa shule aitwaye Alasinga Perumal, walipita mlango kwa mlango wakichangisha. Mtawala wa Khetri, Ajit Singh, akaongeza. Tarehe 31 Mei 1893 akapanda meli Bombay, akapitia Colombo, Singapore, Hong Kong na Japani, akavuka hadi Vancouver, kisha treni mpaka Chicago, mwishoni mwa Julai.

Alipofika akakuta mambo mawili. Bunge la Dini za Dunia, mkutano alioujia, lingeanza Septemba. Na hakuna mjumbe anayepokelewa bila barua ya utambulisho, wala muda wa kujiandikisha haukuwepo tena. Yeye hana barua ya mtu yeyote. Hakuna chama kilichomtuma. Matumizi yalikuwa yakimla pauni moja kwa siku, na barabarani watu wakimzomea kwa mavazi yake. Akaambiwa Boston ni nafuu, akaenda. Ndani ya treni akakutana na mama mmoja mwandishi, Kate Sanborn, akamkaribisha shambani kwake Massachusetts. Kwa njia hiyo akafahamiana na John Henry Wright, profesa wa Kigiriki wa Harvard. Profesa akamwambia kwamba kumdai yeye barua ya utambulisho ni sawa na kuliuliza jua lina haki gani ya kuwaka, akaketi akamwandikia wahusika barua ya kumdhamini.

Akarudi Chicago usiku, akagundua anwani ya ofisi ya mkutano imepotea. Mtaa ule wengi walisema Kijerumani, hawakumwelewa. Akalala yadi ya mizigo ya reli, ndani ya kasha kubwa tupu. Asubuhi akatembea akiomba chakula nyumba kwa nyumba, kama watawa wa kwao wafanyavyo, na milango ikafungwa usoni pake. Mwisho akachoka, akakaa kando ya barabara. Mlango wa nyumba ya upande wa pili wa barabara ukafunguliwa, mama akatoka, akamuuliza: bwana, wewe ni mjumbe wa Bunge la Dini? Huyo ni Bi. Hale. Akamwingiza ndani, akamlisha, akampeleka mwenyewe kwenye ofisi ya mkutano. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Familia ile ya Hale ikawa nyumba yake ya Marekani. Mabinti wa nyumba aliwaita dada zake, na barua alizowaandikia bado zipo.

Motabhai alikuwa akifika hapa anasimama. Kweli, anasimama na kikombe mkononi, kisha anasema kwa Kiswahili chake: "Dada na kaka zangu wa Marekani!" Ndivyo Vivekananda alivyoanza tarehe 11 Septemba 1893, baada ya kuahirisha zamu yake tangu asubuhi kwa woga. Ukumbi wenye maelfu ya watu uliinuka ukapiga makofi dakika nzima na zaidi. Hotuba yenyewe ni fupi mno, haijai kurasa mbili. Aliwasomea ubeti wa zamani wa Kisanskriti usemao kwamba kama mito inavyotoka vyanzo mbalimbali na yote ikamwagika baharini, ndivyo njia za wanadamu, zilizonyooka na zilizopinda, zote zinavyomwelekea Mungu.

Sasa nitakuambia jambo ambalo nilibishana na Motabhai miaka yote. Yeye alipenda siku ile ya makofi. Mimi naona kazi ya kueneza Vedanta haikufanyika siku ile. Makofi yalifungua mlango, basi. Kazi ilifanyika miaka mitatu iliyofuata, katika vyumba vya kupanga. Kwanza alijiunga na wakala wa mihadhara, wakamzungusha miji kwa miji kama kionyesho, wakampunja mapato, akajitoa. Novemba 1894 akaanzisha Jumuiya ya Vedanta New York. Januari 1895 akapanga vyumba Mtaa wa 33 Magharibi, sehemu isiyo ya kifahari. Viti havikutosha, watu wakaketi sakafuni, wengine kwenye ngazi. Hakutoza ada ya mafundisho. Kwao elimu ya roho haiuzwi. Aliyeguswa alitoa alichonacho, na kodi ya vyumba ikipungua alitoa mhadhara wa kulipiwa juu ya historia au desturi za India ili afidie. Kiangazi kile akaenda Thousand Island Park, kwenye kisiwa kimoja cha mto St. Lawrence, katika nyumba ya mwanafunzi wake mmoja, akakaa wiki saba na wanafunzi kumi na wawili tu. Fikiria, mjukuu wangu: mtu aliyesimamisha ukumbi wa maelfu, anafundisha watu kumi na wawili barazani, asubuhi hadi jioni, na kuwapikia anawapikia.

Sehemu ya pili ya swali lako, jinsi maneno yalivyotufikia, nimeiweka mwisho kabisa wa ukurasa huu. Inanigusa mimi na kazi yangu, nataka niijibu kwa nafasi.

"Bibi, mimi ni fundi cherehani, Mwanza. Mwanangu amemaliza kidato cha sita yuko nyumbani anasubiri matokeo, anasoma mambo ya Vedanta kwenye simu. Juzi kaniambia, 'Mama, mimi na Mungu ni kitu kimoja.' Nilishindwa kulala. Hiyo Vedanta ni nini hasa? Ni uchawi, ni dini, au ni kufuru?"
Mama wa Mwanza

Mama mwenzangu, kwanza lala. Uchawi sio.

Neno lenyewe ni la Kisanskriti. Veda ni elimu, na ndivyo vinavyoitwa vitabu vitakatifu vya kale vya Wahindu. Anta ni mwisho. Vedanta ni mwisho wa Veda, yaani yale mafundisho ya mwisho yaitwayo Upanishadi. Humo swali kuu si mvua wala ushindi vitani. Swali ni: mimi ni nani?

Kuna hadithi katika Upanishadi ya Chandogya ambayo utaielewa kuliko profesa. Kijana Shvetaketu amerudi kutoka masomoni miaka kumi na miwili, kajaa majivuno. Baba yake anamwambia: tia chumvi hii kwenye maji, uje kesho. Asubuhi anamwambia: nipe ile chumvi. Kijana anatafuta, haioni. Baba anasema: onja juu. Ya chumvi. Onja katikati. Ya chumvi. Onja chini. Ya chumvi. Basi, baba anamwambia, kile kilicho asili ya vyote kimo humuhumu ndani yako, hukioni, lakini kipo. "Tat tvam asi." Wewe ndiwe Hicho.

Tawi alilolisisitiza Vivekananda huitwa Advaita, maana yake pasipo uwili. Mwalimu wake mkubwa wa kale ni Shankara. Yapo matawi mengine ya Vedanta yanayosema roho na Mungu ni tofauti, na wafuasi wake ni wengi, kwa hiyo mwanao asidhani amesoma yote. Advaita inasema chini ya majina na maumbo yote kuna ukweli mmoja, Brahman, na kiini cha ndani kabisa cha kila kiumbe, Atman, si kitu kingine mbali na huo. Mfano wao ni udongo: chungu, mtungi, chetezo, vyote udongo. Na kwa kuwa wewe ni fundi, nitakupa wa Bhagavad Gita, kitabu kingine kitakatifu cha Wahindu. Humo imeandikwa kwamba kama mtu anavyovua nguo iliyochakaa akavaa mpya, ndivyo nafsi inavyoacha mwili mmoja ikaingia mwingine. Wewe unajua kuliko mimi kwamba anayekuja kupimwa si gauni.

Sasa lile neno la mwanao. Yule "mimi" anayesemwa huko si kijana wa kidato cha sita mwenye jina, simu na matokeo yanayosubiriwa. Huyo wanamwita nguo. Na hapa Vivekananda alikuwa mkali: kama unaamini uungu uko ndani yako, basi uko pia ndani ya mfagiaji wa barabara, na mjane, na mgonjwa wa kipindupindu, kwa hiyo imani hiyo inakudai kuwatumikia. Novemba 1896 huko London alitoa mihadhara minne juu ya jambo hilohilo, Vedanta ya vitendo. Tarehe 1 Mei 1897, aliporudi Calcutta, akaanzisha Misheni ya Ramakrishna, ambayo mpaka leo ina hospitali, shule na kazi za kuokoa watu wakati wa njaa na mafuriko. Muulize mwanao kwa upole: huyo Mungu uliye kitu kimoja naye, leo kaosha vyombo? Nasema kwa moyo mweupe. Vivekananda mwenyewe angemuuliza.

Kama ni kufuru au la, hilo litategemea imani yenu ya nyumbani, na hapo shehe wenu au padri wenu ana haki ya kusema kuliko mimi. Mimi ninachokuomba ni usimfukuze kwa kuuliza. Mtoto anayeuliza "mimi ni nani" akiwa na miaka kumi na tisa hajapotea.

"Bibi, assalaam alaykum. Niko Mombasa. Watu wanamsifu mtawa huyu kuwa hakwenda kubadilisha dini za watu. Mbona mimi naona ni mmisionari tu kama wale waliokuja kwetu, ila kageuza njia? Na Marekani ya wakati ule ilimpokeaje mtu wa rangi?"
Kijana wa Old Town

Wa alaykum salaam, mwanangu. Umeuliza maswali mawili mazito, nami sitayapaka asali.

Kwenye kufunga Bunge la Dini, tarehe 27 Septemba 1893, alisema wazi kwamba Mkristo hatakiwi kuwa Mhindu au Mbudha, wala Mhindu au Mbudha kuwa Mkristo. Kila mmoja achukue roho iliyo njema ya mwenzake, abaki na utu wake, akue kwa kanuni ya ukuaji wake mwenyewe, kama mbegu iliyozikwa isivyogeuka kuwa udongo wala maji wala hewa bali huwa mmea. Siku nyingine, tarehe 20, aliwaambia Wakristo wa Marekani kwamba wanajenga makanisa India yote ilhali wenye njaa wanaomba mkate. Watu wa Mashariki dini wanayo ya kutosha. Ukumbini humo alikuwemo pia Mwislamu, Mmarekani aitwaye Mohammed Alexander Russell Webb, akiueleza Uislamu, na Dharmapala wa Ceylon (Sri Lanka ya leo) akiueleza Ubudha. Hakuwa peke yake, ingawa ndivyo wengi wanavyosimulia.

Lakini pia ni kweli kwamba wapo Wamarekani na Waingereza waliomfuata kabisa. Wengine aliwapa nadhiri za utawa na majina ya Kisanskriti. Margaret Noble, mwalimu wa shule kutoka Ireland aliyemsikia London mwaka 1895, alihamia Calcutta, akaitwa Nivedita, akafungua shule ya wasichana, akafia India. Kwa hiyo ukisema watu walibadilika, siwezi kukupinga. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba hakuna bunduki wala gavana aliyesimama nyuma yake. Nchi yake mwenyewe ilikuwa chini ya Mwingereza. Alikwenda kama mtu wa nchi iliyotawaliwa, akafundisha kwenye sebule za watawala. Kwangu hilo si jambo moja na lile tuliloliona sisi pwani, na sidhani nitabadili kauli.

Juu ya Uislamu, itafute barua aliyomwandikia Mohammed Sarfaraz Husain wa Naini Tal, Juni 1898. Anakiri humo kwamba dini iliyowahi kuukaribia usawa wa watu kwa vitendo ni Uislamu, na kwamba nadharia za Vedanta peke yake, hata ziwe tamu vipi, hazina faida kwa umma bila vitendo hivyo. Anatamani India yenye akili ya Vedanta na mwili wa Uislamu. Iliandikwa na mtawa wa Kihindu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Soma na wewe uone kama ni maneno ya mtu anayetaka kukunyang'anya dini.

Rangi. Huko Marekani alikataliwa hoteli na vinyozi, akidhaniwa ni mtu mweusi wa nchi ile. Walioandika maisha yake wanasimulia kwamba hakujitetea hata mara moja kwa kusema "mimi si wao, mimi Mhindi." Mpagazi mmoja mweusi wa reli alimjia akamwomba mkono, akimwambia amefurahi kuona mmoja wa watu wake amekuwa mtu mkubwa, Vivekananda akamshika mkono, akamshukuru, akamwita ndugu. Mfuasi wake mmoja Mzungu alipomuuliza kwa nini hakuwaambia wale wa hoteli ukweli, alikasirika: "Nipande juu kwa kumkanyaga mwingine? Sikuja duniani kwa ajili hiyo!" Mimi nimesoma maneno mengi ya watu wakubwa, mwanangu. Haya nimeyanakili kwa mkono.

"Alifika Afrika Mashariki? Na lile hekalu kubwa la mawe la Nairobi ni la kwake?"
Msomaji, Bagamoyo

Hapana, na hapana. Karibu yetu zaidi aliyofika ni Aden, Januari 1897, meli ikimrudisha kutoka Naples kwenda Colombo. Aliposhuka kutembea alimwona muuza tambuu wa kutoka kwao, ameketi na buruma yake. Akawaacha wenzake Waingereza, akamwendea mbio, akamwambia, "Ndugu yangu, nipe nami nivute." Akavuta kwa furaha, miaka mingi hakuwa ameiona. Mwaka 1900 alipita Cairo pia.

Hekalu la Nairobi lililofunguliwa mwaka 1999 ni la Swaminarayan, mapokeo mengine ya Kihindu yenye asili ya Gujarat, na Wahindu wetu wengi wa pwani ni wa huko. Na tusichanganye: Mhindi ni mtu wa India, Mhindu ni mtu wa dini hiyo. Majirani zangu Tanga walikuwa Wahindi, na nusu yao Waislamu.

Watawa wenzake ndio walioendeleza kazi ng'ambo. Mmoja nimtaje tu, Trigunatita, aliyejenga hekalu San Francisco likafunguliwa Januari 1906. Miezi mitatu baadaye tetemeko kubwa liliangamiza mji, hekalu likabaki, na bado liko. Mwenyewe aliuawa na bomu lililorushwa na mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa mgonjwa wa akili, akiwa kwenye ibada ya Jumapili, mwisho wa Desemba 1914. Aliteseka wiki mbili, akafa.

Sasa nimrudie mwanafunzi wa Morogoro.

Vivekananda alizungumza bila karatasi, kweli. Wanafunzi wake wa New York waliona maneno yanapotea hewani. Mmoja wao, Bi. Waldo, alikuwa akiandika kwa mkono wa kawaida kadiri alivyoweza, na mafundisho ya kile kisiwa tunayo kwa sababu yake. Lakini mtu anayezungumza saa nzima huwezi kumfuata kwa mwandiko wa kawaida. Desemba 1895 wakatangaza gazetini: anatafutwa mwandishi wa hatimkato, ule mwandiko wa alama fupi unaofuata kasi ya msemaji.

Akaja kijana Mwingereza wa miaka 25, Josiah John Goodwin, aliyekuwa akiandika mashauri mahakamani. Alizaliwa Batheaston, kando ya mji wa Bath, mji aliokuwa akiishi Isaac Pitman, huyohuyo ambaye hatimkato yake ndiyo tuliyofundishwa sisi makatibu muhtasi. Alikuja kwa mshahara. Wiki ya kwanza haijaisha vizuri, akakataa kulipwa. Akasema kama Swami anatoa maisha yake, yeye hawezi kushindwa kutoa kazi yake.

Vijana wa leo mna simu za kurekodi, hamjui hatimkato ni nini. Mimi nilifaulu maneno 100 kwa dakika, na nilijua kazi. Penseli ikigusa kidogo ni "pa," ikikandamiza ni "ba." Mstari mwembamba ni "ta," mnene ni "da." Irabu ni vidoto na vistari vifupi, na ukiwa na haraka unaviacha, unatumaini kesho utakumbuka. Kwa hiyo huwezi kulala bila kunukuu. Ukilala, asubuhi maandishi yako mwenyewe yanakutazama kama ya mgeni. Goodwin alikuwa anaandika mihadhara mchana na jioni, kisha usiku anakaa kwenye taipureta hadi inakamilika, siku ileile. Tena si barua za mizigo kama zangu. Yalikuwa mafundisho yenye maneno ya Kisanskriti ambayo hajapata kuyasikia maishani, kutoka kwa mtu asiyerudia sentensi. Mwaka 1978 nililalamika kwa Motabhai kwamba kifundo cha mkono kinaniuma. Ndipo aliponitajia Goodwin kwa mara ya kwanza. Nilimkasirikia. Miaka yote ile kanisimulia makofi ya Chicago, na huyu kamficha!

Alimfuata Vivekananda Detroit, Boston, London, kisha India. Mihadhara iliyounda vitabu vya Karma Yoga na Jnana Yoga, ile ya Vedanta ya vitendo niliyomtajia mama wa Mwanza, na hotuba za kuanzia Colombo alipopokewa kama mfalme mwaka 1897, hiyo ni kazi ya mkono wake. Tarehe 2 Juni 1898 alikufa kwa homa huko Ootacamund, milima ya kusini mwa India. Alikuwa na miaka 27. Vivekananda alikuwa Almora, kaskazini kabisa. Habari zilipomfikia alisema mkono wake wa kulia umeondoka. Akamtungia mama yake Goodwin shairi, na akaandika kwamba yeyote anayedhani amesaidiwa na wazo lake lolote ajue kwamba karibu kila neno lilichapishwa kwa jasho la kijana yule. Naye Vivekananda hakukaa sana. Pumu na kisukari vilikuwa vimemdhoofisha, akafa tarehe 4 Julai 1902, ana miaka 39.

Motabhai alipostaafu aliitoa ile picha chini ya kioo akanipa. Nyuma yake niliandika jina la Goodwin kwa hatimkato, "ga" nene, "da" nene, "wa", "na", na iko hapa mezani ninapoandika. Wewe anza na Karma Yoga. Ni kitabu chembamba, ni mihadhara ya New York ya majira ya baridi yaleyale kijana alipoajiriwa, na kwenye intaneti kinasomwa bure.